Kirivolva cha mfukoni: kinafaa kuwa bastola ya akiba?

*"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mlinzi wa usiku hapa Fort Worth, Texas, huu mwaka wa tatu. Nina leseni ya mlinzi mwenye silaha, na kazini navaa Glock ya 9mm kiunoni. Mwezi uliopita mwenzangu alikamatwa kwa nyuma kwenye maegesho ya magari, wakang'ang'ania bastola yake mpaka ala ikachanika. Hakuumia, lakini tangu siku hiyo silali vizuri. Sasa kuna jamaa anauza kirivolva cha NAA, .22 Magnum, risasi tano, kinaingia mfuko wa shati. Anataka dola 200. Anasema rivolva haikwami, na kwa karibu hukosi. Nilikijaribu hatua saba, risasi kumi: tatu tu ziligonga karatasi. Tatizo ni mimi au ni bastola? Kinafaa kuwa akiba? Mke wangu anasema ni kidude cha kuchezea watoto. Nina kadi ya kijani (ukaazi wa kudumu wa Marekani). Desemba naenda Tanga kusalimia wazee, nilifikiri hata kukibeba kwa usalama wa njiani."*

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa yaliyompata mwenzako. Umeniuliza habari za kirivolva, lakini nikisoma barua yako naona swali lililokuamsha usiku ni jingine: wakiniwahi, wakaishika bastola ya kiunoni, mimi nitabaki na nini? Nitaanza na kirivolva kwa sababu ndicho ulichokitaja, kisha nirudi kwenye hilo. Na nisieleweke vibaya. Mimi hufundisha shabaha, na kirivolva cha aina hiyo ninacho, kimelala kwenye sefu miaka mingi. Nakipenda kama mtu anavyopenda saa ndogo iliyotengenezwa vizuri. North American Arms (ndio hao NAA) wa Provo, Utah, hawatengenezi takataka.

Risasi tatu kati ya kumi kwa hatua saba. Usione haya. Wengi wanaokuja kwangu na kirivolva kama hicho hupata hivyo hivyo siku ya kwanza, wakiwemo watu ambao kwa Glock hawakosi sahani. Mtutu wenyewe hauna makosa makubwa. Siku moja nilikilaza changu juu ya mfuko wa mchanga, nikatulia, nikavuta pumzi kati ya risasi na risasi, na kwa mita tano zote tano zikaingia mahali ambapo ungeweza kupafunika kwa kisahani cha chai. Nikasimama, nikakishika kwa mkono mmoja kama mtu aliyeshtuliwa, nikapiga tano nyingine upesi upesi. Mbili ziligonga pembeni kabisa mwa karatasi, moja sikuiona mpaka leo. Bastola ile ile, risasi za boksi moja, dakika kumi tofauti.

Kwa hiyo bastola inaweza, ila haikusaidii uweze. Ngoja nikueleze kwa nini, maana ukishaielewa hesabu hii hutadanganywa tena na muuzaji.

Kulenga ni kuoanisha nukta mbili: kilengeo cha nyuma na kilengeo cha mbele. Kwenye Glock yako nukta hizo zimeachana sentimita 15 au 16 hivi. Kwenye kirivolva, mbele kuna kinundu kama nusu mwezi, na nyuma karibu hakuna kitu. Hata ukijibanza ukatazama juu ya nyundo, umbali ni sentimita sita hivi. Sasa chukua kosa dogo, kinundu kimesogea milimita moja kulia. Kwa Glock, kosa hilo likifika mita tano limekua sentimita tatu. Kwa kirivolva limekuwa sentimita nane. Mkono ukitetemeka ukakosea milimita tatu, Glock bado imo ndani ya sahani, lakini kirivolva kimepiga sentimita 25 kutoka katikati. Fundi seremala anaijua habari hii bila kusoma kitabu: hakuna anayenyoosha ubao wa mita tatu kwa rula ya mtoto wa shule.

Halafu kuna uzito. Kirivolva kina chini ya gramu 200. Glock iliyojaa inakaribia gramu 900. Kitu kizito hukataa kuyumbishwa na kidole, chepesi hufuata kidole kinakotaka. Triga ya NAA haina hata kizingio, ni kijino tu kinachochomoza chini, na ukikivuta, bastola nzima inataka kuja nacho. Na mpini wenyewe unapokea vidole viwili, cha tatu kinaning'inia hewani. Wewe ukipiga risasi ya kwanza, bastola inapiga teke, inazunguka kiganjani, na sasa imekaa tofauti na ilivyokaa mwanzo. Kisha lazima uvute nyundo kwa dole gumba, maana hiki ni kirivolva cha zamani kwa tabia: kila risasi nyundo ivutwe upya. Ukivuta nyundo umelegeza mshiko. Unaanza upya mara tano.

Jambo jingine ambalo watu hawalisemi dukani: mara nyingi risasi haiendi pale kinundu kinapoelekeza. Changu hupiga chini kidogo na kushoto kwa aina moja ya risasi, na juu kwa aina nyingine. Huwezi kukaza skrubu ukarekebisha. Unachoweza ni kununua maboksi ya aina mbili tatu, kukaa mezani, kutazama, kisha kubaki na aina moja na kukariri kosa lake.

Neno "Magnum" nalo limekuvutia, najua. Risasi ya .22 Magnum ilitolewa na Winchester mwaka 1959, na ilifikiriwa kwa ajili ya bunduki ndefu. Baruti yake inahitaji mtutu ili iungue yote. Kwenye bunduki, risasi ya gramu 2.6 hutoka na mwendo wa karibu mita 580 kwa sekunde. Ukiikatia mtutu ukabaki na sentimita tatu au nne, unapoteza karibu nusu ya mwendo huo, na baruti iliyobaki inaungulia nje. Unachokiona ni moto mkubwa mbele ya mkono wako na mlio unaotoboa masikio. Usiku, kwenye maegesho yenye giza, ukipiga moja unaweza usione vizuri unachokipiga kwa mara ya pili. Nguvu inayobaki kwenye risasi haifiki hata theluthi ya 9mm yako. Sisemi haiumizi. Risasi ya .22 imeua watu wengi sana duniani, na ndiyo maana kidude hicho si cha watoto, mwambie shemeji. Lakini kuua mtu saa tatu baadaye hospitalini na kumsimamisha sasa hivi asikunyonge ni mambo mawili tofauti, na wewe kazini hukuajiriwa kwa hilo la kwanza.

Ongeza na fataki, ile inayowasha baruti. Risasi ya 9mm ina fataki yake katikati ya kitako, imepachikwa peke yake. Risasi zote za .22 za aina hii hazina. Unga wa fataki husambazwa ndani ya ukingo wa ganda, na nyundo inagonga ukingo. Mahali unga haukufika vizuri, ukigonga unasikia "ta" halafu kimya. Viwanda vimeendelea sana, lakini tofauti bado ipo, na anayepiga .22 nyingi anaijua. Nafuu ya rivolva hapo ni kwamba unavuta nyundo tena na tundu jingine linakuja. Hilo nakubali.

Ndipo tunafika kwa jamaa yako na "rivolva haikwami". Ingekuwa sahihi zaidi kusema haikwami mara kwa mara, ila ikikwama imekwama. Magazini, kile kibweta cha risasi ndani ya mpini, ikileta matata kwenye Glock, unapiga kitako, unavuta, unaendelea. Silinda, lile duara lenye matundu ya risasi, ikigoma kuzunguka kwa sababu uchafu umeingia, au kwa sababu kwenye bastola nyepesi teke limevuta risasi ikachomoza mbele ya ganda lake, huna la kufanya papo hapo zaidi ya kuitumia kama jiwe. Na ya mfukoni ndiyo hula uchafu kuliko zote. Mfuko wa suruali una nyuzi, mchanga, makombo ya bisikuti. Mwanafunzi mmoja aliniletea rivolva yake "mbovu", nikaifungua tukatoa mpira mzima wa manyoya ya pamba nyuma ya silinda. Alikuwa ameibeba miezi minane bila kuitazama.

Na "kwa karibu hukosi"? Hapa kila mtu huniletea habari ya Rais Lincoln wa Marekani, aliyepigwa risasi na John Wilkes Booth tarehe 14 Aprili 1865 kwa kibastola cha risasi moja. Basi itazame vizuri habari yenyewe. Booth aliingia kwa nyuma, aliyelengwa ameketi anatazama mchezo wa kuigiza, hana habari. Hapo kibastola chochote kinatosha. Wewe hufanyi kazi ya Booth. Wewe ndiye unayeshtukizwa. Kwa karibu watu wanasukumana, mkono unavutwa, kichwa kinagongwa ukutani, na anayekushambulia hakai kama karatasi. Ukaribu unapunguza kosa la macho lakini unaongeza kosa la mikono. Nami nakukumbusha kwamba kila risasi inayokosa inaishia mahali, na wewe ndiye utakayeulizwa iliishia wapi.

Hata hivyo wazo la bastola ya akiba si la kijinga. Tarehe 11 Aprili 1986 huko Miami, maofisa wanane wa FBI walipambana na majambazi wawili. Magari yalipogongana, ofisa John Hanlon alipoteza rivolva yake kubwa hata kabla hajaitumia. Aliendelea kupambana kwa rivolva fupi ya .38, ya risasi tano, aliyokuwa nayo kama akiba. Baadaye alipigwa risasi mkononi akiwa anajaribu kuijaza tena. Siku ile maofisa wawili, Benjamin Grogan na Jerry Dove, waliuawa. Ukisoma habari hiyo kwa makini utaona mafundisho mawili yamekaa pamoja: akiba ilimfaa kwa sababu kubwa ilipotea kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia, na kuijaza upya ndiko kulikompatia balaa.

Sasa weka NAA mahali pa ile .38. Ukimaliza risasi tano, kujaza ni hivi: unachomoa kipini cha mbele, unaitoa silinda nzima mkononi, unasukuma maganda moja moja kwa kipini hicho hicho, unaingiza risasi moja moja ndogo kama punje za mahindi, unairudisha silinda, unakitafuta kipini ulichokiweka mdomoni. Mezani kwa chai ni raha. Kwa hiyo hesabu yako ni risasi tano, basi.

Jaribio ninalowapa wanafunzi ni hili, na unaweza kulifanya nyumbani, mradi umeitoa silinda, umehakikisha mara mbili kwamba haina kitu, na risasi zote zipo chumba kingine. Vaa koti lako la kazi na glavu za baridi. Mkono wa kulia ufanye kama umeshikwa: mwambie mtu aukumbatie kabisa. Kwa mkono wa kushoto peke yake kitoe kirivolva mfukoni, vuta nyundo, elekeza ukutani, vuta triga. Rudia mara tano. Nimemwona kijana mwenye mikono kama ya mchukuzi wa bandarini akikiangusha mara mbili kati ya tano, na mara ya tatu dole gumba likateleza nyundo ikarudi kabla ya wakati. Angekuwa na risasi ndani, ile ingetoka ikielekea kwenye goti lake. Hakuwa mzembe. Nyundo ni ndogo kuliko ncha ya glavu yake.

Hapo ndipo hukumu yangu ilipo. Bastola ya akiba hutumika pale ambapo mambo yameshaharibika: mkono mmoja, umelala chini, mtu yuko juu yako, moyo unapiga ngoma. Lazima iwe rahisi zaidi kuitumia kuliko ile kubwa. Kirivolva cha NAA ni kigumu zaidi. Kizuri chake ni kimoja tu, nacho ni kikubwa: kipo. Mtu aliyevaa shati na kaptula Julai ya Texas, ambaye vinginevyo hangebeba kitu chochote, anacho. Kwa huyo nisingemcheka. Wewe lakini unavaa sare, mkanda, buti na koti. Nafasi unayo.

Ukiniuliza nini basi, nitakwambia jibu ambalo hukulitarajia: dola 200 hizo nunua ala. Soma tena barua yako mwenyewe. Bastola ya mwenzako haikushindwa kupiga. Ala yake ilichanika. Kuna ala za walinzi na polisi zenye vifungo viwili au vitatu, ambazo aliyeivaa anazifungua kwa dole gumba bila kutazama, na aliye nyuma yake anavuta mpaka achoke. Ziwe ngumu, zikae kwenye mkanda mgumu uliotengenezwa kwa kazi hiyo, si mkanda wa suruali ya kanisani. Kisha tafuta darasa la kuilinda bastola isinyang'anywe: namna ya kuubana mkono wa mtu juu ya ala, kugeuza nyonga, kujitoa. Saa nane za darasa hilo zinakupa zaidi ya bastola ya pili. Ongeza tochi nzuri mkono wa kushoto na kopo la kupulizia pilipili kama kampuni inaruhusu. Wenzako wengi wanaokamatwa kwa nyuma hukamatwa wakiwa wanatazama simu. Samahani, lakini ndivyo ilivyo.

Ukishayafanya hayo, na bado ukataka akiba, tazama rivolva fupi zisizo na nyundo inayochomoza. Smith & Wesson walianza ukoo wao wa rivolva ndogo za .38 za risasi tano mwaka 1950 kwa Chiefs Special, na polisi wa Marekani wamezibeba kifundoni na mfukoni tangu hapo. Siku hizi ya kutazamwa ni 642, gramu 425 hivi, au Ruger LCR iliyotoka mwaka 2009. Huvuti nyundo, unavuta triga tu. Hakuna cha kunasa kwenye kitambaa. Na tofauti na bastola ya magazini, haijali ikigandamizwa kwenye mwili wa mtu, maana haina kifuniko cha juu kinachosukumwa nyuma kikakataa kufunga. Kuna pia vibastola vya magazini vyembamba kama Ruger LCP, risasi za .380, vyepesi na rahisi kulala mfukoni, ila hivyo vina ugonjwa huo wa kugandamizwa na vinataka mshiko imara.

Usidhani nakuuzia pepo. Hizo .38 nyepesi zina teke linalouma. Nina wanafunzi waliopiga risasi kumi wakaomba maji. Triga yake ni nzito, kilo nne hadi tano na zaidi, na mtu asiyefanya mazoezi ataivuta yote kushoto. Mtutu ni mfupi, na ile hesabu ya vilengeo niliyokueleza bado ipo, imepungua tu. Mtu akikuambia utakuwa hodari nayo kwa mita ishirini ndani ya wiki, anakuuzia. Kwa mita tatu hadi tano, mkono mmoja, risasi zote tano ndani ya sahani ya karatasi, ukiipiga boksi moja kila mwezi, hilo naliona likifanyika. Ukipenda teke dogo, kampuni hizo hizo zina rivolva za umbo hilo hilo za .22 zenye risasi nane. Mama mmoja mwenye baridi yabisi vidoleni nilimshauri hivyo, na sijutii, ingawa triga ya .22 nayo si laini.

Labda umeshampa jamaa pesa. Ikiwa hivyo, basi kitunze hivi. Kati ya tundu na tundu kwenye silinda, NAA wamechonga mifuo midogo. Nyundo ilale ndani ya mfuo, kamwe isilale juu ya risasi, kwa maana ikianguka chini ikiwa imelala juu ya risasi inaweza kulia yenyewe. Mwombe mtu anayejua akuonyeshe kwa mikono yake namna ya kuishusha nyundo hadi kwenye mfuo, usijifunze kwa video ukiwa na risasi ndani. Kidole cha mkono wa pili kikae mbali na mbele: mdomo wa mtutu uko sentimita chache tu kutoka kwenye kiganja, na pembeni mwa silinda hutoka gesi ya moto inayokata ngozi. Kiwe ndani ya ala yake ya mfukoni, na mfuko huo usiingie kitu kingine, si funguo, si senti. Na nyumbani kifungiwe. Kina ukubwa wa kitu cha kuchezea, na hapo shemeji yuko sahihi kuliko alivyokusudia. Sheria ya Texas inamtia hatiani mtu ambaye kwa uzembe wake mtoto wa chini ya miaka 17 amefikia silaha yenye risasi.

Sasa kuhusu karatasi, na hapa nakuomba usome taratibu. Leseni yako ya mlinzi haikupi ruhusa ya kuongeza bastola mfukoni ukiwa kazini bila mwajiri kujua. Muulize msimamizi kwa maandishi, na jibu lake liweke. Ukiitumia silaha ambayo kampuni haikuikubali, bima yao inaweza kukuacha peke yako mahakamani. Pili, wewe ni mwenye kadi ya kijani. Sheria ya taifa la Marekani inakuruhusu kumiliki silaha, tofauti na aliyekuja kwa viza ya kutembelea au ya masomo, ambaye kwa kawaida hairuhusiwi kwake isipokuwa kwa vighairi vichache. Lakini sheria ya uhamiaji ina kifungu chake: hukumu ya kosa la silaha ni sababu ya kumfukuza mtu nchini hata akiwa na kadi hiyo. Raia akikosea analipa faini anarudi nyumbani. Wewe ukikosea unaweza kulipa faini ukapandishwa ndege.

Ndiyo maana habari ya "jamaa anauza" hainipendezi. Texas inaruhusu watu binafsi wanaoishi jimboni kuuziana. Lakini hujui kama kidude hicho kiliibwa Arlington mwaka juzi, na kikikamatwa nawe mfukoni maelezo yatakuwa marefu. Mwambie mkutane kwa muuzaji mwenye leseni, mauziano yapitie kwake, ujaze fomu 4473, ile ya serikali kwa mnunuzi wa silaha, kwa ukweli mtupu, ulipe ada yake. Jamaa akikataa, umeshapata jibu.

Kabla ya yote hayo, watu watatu wa kuonana nao ana kwa ana. Fundi wa bunduki, akikague kirivolva kama umeshakinunua: silinda ifunge sawasawa, mifuo isiwe imelika. Mwalimu wa shabaha aliye karibu nawe, akutazame mikono, maana mimi kwa maandishi siwezi kuona unavyobana triga. Na mwanasheria wa uhamiaji, nusu saa tu, kabla hujaongeza silaha ya pili maishani mwako. Wa nne nimemwacha makusudi. Ulisema hulali vizuri tangu siku ile. Mwezi mzima ni mrefu. Mtu asiyelala anashtuka haraka, na mtu anayeshtuka haraka hafai kuwa na bastola hata moja kiunoni, sembuse mbili. Mwone daktari, mweleze ulichokiona maegeshoni kama unavyoniambia mimi. Polisi na askari hufanya hivyo, wala si udhaifu.

Kuhusu Tanga: hapana. Kuingiza silaha Tanzania bila kibali ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kuitoa Marekani nako kuna taratibu zake. Wazee watakupokea bila bastola. Ila kuna hatari nyingine iliyo karibu zaidi, na vidude hivi vidogo ndivyo hasa huileta. Mwaka 2023 wakaguzi wa viwanja vya ndege vya Marekani walikamata silaha 6,737 kwenye mizigo ya mkononi, nyingi mno zikiwa na risasi ndani, na maelezo ya wenye mizigo karibu yote yalifanana: nilisahau. Kitu cha gramu 180 kinasahaulika kwenye koti kama kitambaa cha mkono. Kwa hiyo Desemba, usiku wa kuamkia safari, chukua koti utakalovaa na begi utakalobeba, vigeuze ndani nje juu ya kitanda, mbele ya mkeo, mfuko kwa mfuko.